Mashine Itakayotengenezeka Babati

Mji wa Babati umekaa mahali zinapokutana barabara tatu. Moja yatoka Arusha, ya pili yaja kutoka Dodoma kwa njia ya Kondoa, na ya tatu yatoka Singida kwa njia ya Katesh. Tangu mwaka 2018, barabara ya lami ilipokamilika baina ya Dodoma na Babati, shehena za kila namna zapita hapo usiku na mchana, na miongoni mwake zimo mashine: mashine za kupukuchulia mahindi, za kupura maharage na mbaazi, za kukoboa mpunga, na pampu za kuvuta maji. Nyingi katika mashine hizo zimebuniwa mbali na kutengenezwa mbali. Lakini zinapoharibika, huharibikia hapa.

Kando ya barabara hizo hizo wako mafundi wetu. Wanachomelea milango na madirisha, wanaunda matela ya kukokotwa na ng'ombe, wananyoosha majembe ya plau yaliyopinda, na wanafungua injini zilizokwisha kukatiwa tamaa. Chuma chauzwa dukani, mikono ipo, na akili ipo. Basi yatupasa tuulize: kwa nini mashine ya mkulima wa Galapo au Dareda haitoki katika karakana hizi kwa wingi, badala ya kuja juu ya lori?

Wako wajibuo kwamba ni mtaji. Wengine husema ni umeme, na wengine husema ni soko. Hatubishani nao, kwa maana yote hayo yana ukweli wake. Lakini liko jambo moja litangulialo hayo yote, nalo halisemwi sana. Jambo hilo ni mchoro. Mashine ambayo mchoro wake haukumfikiria fundi atakayeiunda, wala zana alizo nazo, haiwezi kutoka katika karakana ya Babati hata mtaji ukamwagwa kama mvua ya masika. Itatoka moja kwa taabu nyingi, ipigwe picha, kisha basi.

Wenzetu wa nchi za viwanda walilitambua jambo hili zamani, wakaliundia chombo. Chombo chenyewe ni programu za kompyuta ambazo kazi yake ni kuutazama mchoro wa kitu kabla chuma hakijakatwa, na kueleza kama kitu hicho chatengenezeka kwa urahisi, au kwa shida, au hakitengenezeki kabisa. Leo twataka kuwaeleza wanachama na wafanyakazi habari za chombo hiki, maana si mali ya wahandisi peke yao. Kina uhusiano na riziki ya fundi na jasho la mkulima.

Asili yake ni hii. Katika miaka ya 1970, mwalimu mmoja wa uhandisi aitwaye Geoffrey Boothroyd, Mwingereza aliyekuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha Massachusetts huko Marekani, alianza kuchunguza muda autumiao mfanyakazi wa kiwandani kukishika kipande, kukigeuza, kukiweka mahali pake na kukifunga. Akishirikiana na mwenzake Peter Dewhurst, aliupanga uchunguzi huo katika majedwali, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 kazi hiyo ikageuzwa kuwa programu ya kompyuta. Viwanda vikubwa vya Marekani viliipokea, na mwaka 1991 wote wawili walitunukiwa Nishani ya Taifa ya Teknolojia ya nchi hiyo.

Siri ya kazi yao haikuwa kubwa. Walikiuliza kila kipande cha mashine maswali matatu. Je, mashine ikifanya kazi, kipande hiki chasogea peke yake mbali na vile vilivyokwisha kufungwa? Je, ni lazima kiwe cha maada nyingine, kama mpira au shaba, mahali ambapo jirani yake ni chuma? Je, ni lazima kitengwe ili vipande vingine viweze kuingizwa au kutolewa? Kipande ambacho maswali yote matatu yamekijibu "la", hakina haki ya kusimama peke yake. Yafaa kiunganishwe na jirani yake au kiondolewe kabisa.

Baada ya programu hizo zikaja nyingine, ambazo hazihesabu vipande tu bali hulitazama umbo lenyewe. Mchoraji akichora tundu katika bati karibu mno na mahali bati litakapokunjwa, programu humwonya kwamba tundu hilo litavutika na kuwa kama yai. Akichora kona kali ya ndani katika kipande kitakachochongwa kwa mashine, humwambia kwamba kisu cha kuchongea ni cha mviringo, nacho hakiwezi kuacha kona kali. Akichora ukuta mwembamba mno wa kitu cha kusubu, humwonyesha mahali ambapo chuma kilichoyeyuka hakitafika. Nyingine huendelea na kupiga hesabu ya gharama: dakika ngapi za kukata, ngapi za kukereza, ngapi za kufunga, na kila dakika kwa malipo gani. Siku hizi zimo kampuni, kama Protolabs ya Minnesota iliyoanzishwa mwaka 1999, ambazo mtu huzitumia mchoro wake kwa intaneti, na kompyuta humrudishia bei pamoja na alama za rangi mahali penye kasoro.

Sasa tulete jambo hili nyumbani. Tuseme kijana mmoja wa Babati amechora mashine ya kupura mbaazi. Mchoro ni mzuri na mashine yafanya kazi. Lakini kifuniko chake kina vipande vitano, na kila kipande kimefungwa kwa bolti. Zimo bolti za spana namba 10, za namba 13, za namba 17 na za namba 19. Shafti yataka kukerezwa kwa usahihi wa sehemu ya mia ya milimita. Beringi ni za ukubwa ambao maduka ya mji hayana. Fundi akiletewa mchoro huu atafanya nini? Atatengeneza mashine moja kwa siku nyingi, kisha ataomba bei ambayo hata yeye mwenyewe ataionea haya. Mkulima atatikisa kichwa, na kijana atasema kwamba wananchi hawapendi vitu vya nyumbani.

Mpeni kijana huyo yale maswali matatu. Ataona kwamba vipande vitano vya kifuniko havisogei mbali na vyenzake, vyote ni bati lile lile, na hapana kinachozuiwa kuingia kama vikiwa kitu kimoja. Basi atavikunja kutoka bati moja au mawili. Bolti atazifanya zote za spana namba 17, ili mkulima aliye shambani ahitaji spana moja tu. Shafti ataipanga juu ya beringi za ukubwa unaouzwa kila siku madukani kwa ajili ya pikipiki, na atazipandisha beringi hizo katika vishikio vinavyoweza kusogezwa kidogo kwa nyundo kabla ya kukazwa, ili usahihi wa sehemu ya mia usihitajike. Mashine ni ile ile, na mbaazi zitapurwa vile vile. Lakini ile ya kwanza ilikuwa mchoro, na hii ya pili ni bidhaa.

Wasomaji wataona kwamba hapo hatukutaja kompyuta hata mara moja. Maswali matatu huulizwa kwa penseli na karatasi. Kompyuta yaongeza wepesi, na huona kasoro ambazo jicho lililochoka halizioni, lakini akili ya kuuliza ndiyo yenye thamani. Twasema hivi kwa sababu tunawajua watu wetu. Wako watakaosikia habari hizi na kuomba fedha za kununua programu za bei kubwa kabla hawajafika hata siku moja kwa fundi kumwuliza ana zana gani.

Nalo hili latufikisha kwenye jambo zito zaidi. Wahenga walisema kila mwamba ngoma huivutia kwake. Programu hizi zilitungwa na watu wenye viwanda vya namna fulani, na hukumu yake ni hukumu ya viwanda hivyo. Ndani yake zimejaa habari za mashine zinazoongozwa na kompyuta, za mitambo ya kukata bati kwa miale, za kalibu za plastiki zenye thamani ya gari. Malipo ya kazi yaliyomo humo ni ya huko, na bei ya chuma ni ya huko. Mchoraji wa Babati akiipa programu mchoro wake bila kuifundisha habari za Babati, itamwambia kwamba kitu fulani ni rahisi sana, kumbe hapa hakiwezekani. Itamwambia pia kwamba kitu kingine ni ghali, kumbe hapa ndicho kilicho rahisi.

Tutoe mfano. Katika nchi ambayo saa moja ya mfanyakazi ni ghali, programu itamshauri mbunifu aepuke kuchomelea kwa mkono na atumie kipande kimoja cha kusubu. Katika mji wetu mambo yamegeuka. Karakana ya kawaida ina mashine ya kuchomelea, grenda, drili, jiliwa na nyundo. Wa kusubu chuma ni nadra, na fundi asiye na mashine ya kukerezea hana budi kuipeleka shafti kwa mwenye nayo, na pengine mwenye nayo yuko Arusha, kilomita zipatazo 170. Kwa hiyo ushauri ulio wa busara kule, hapa waweza kuifunga karakana. Programu si adui yetu, walakini ni mgeni, na mgeni haachiwi kupanga vyombo vya nyumba asiyoijua.

Ndugu wanachama, Taifa letu halikuanza jana kulifikiria jambo hili. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitukumbusha kwamba fedha siyo msingi wa maendeleo, na likatutaka tuwategemee watu wetu na ardhi yetu. Baada yake Serikali iliunda vyombo vya kulitimiza neno hilo katika ufundi. SIDO iliundwa kwa sheria ya mwaka 1973 ili kuvikuza viwanda vidogo. TIRDO ilifuata mwaka 1979 kwa utafiti wa viwanda. TEMDO, yenye makao Arusha, iliundwa mwaka 1980 kwa kazi ya kubuni mitambo, na CAMARTEC, iliyo Arusha pia, iliundwa mwaka 1981 kwa zana za kilimo na ufundi wa vijijini, ikairithi kazi ya kituo cha kupima mashine za kilimo kilichojulikana kwa jina la TAMTU. Taifa maskini lililojinyima ili kujenga vyombo vinne vya namna hiyo katika muda wa miaka minane halikuwa taifa lililolala.

Katika historia hiyo liko somo moja kubwa, nalo limezikwa ardhini, kwa maana halisi ya neno hilo. Ni mtambo wa gesi ya samadi. Huko India ulienea mtambo ambao gesi yake hukusanywa chini ya pipa la chuma lielealo juu ya samadi. Ni mtambo mzuri. Lakini pipa lataka mabati mazito, lataka kuchomelewa kwa ustadi, lataka kusafirishwa, na baada ya hayo yote kutu hulila. Katika miaka ya 1980 mafundi na wahandisi wa CAMARTEC, wakisaidiwa na Wajerumani wa shirika la GTZ, waliufuata mtambo wa namna nyingine ambao asili yake ni China, usio na pipa. Waliutengeneza upya kwa umbo la nusu ya tufe, lijengwalo kwa matofali chini ya udongo.

Tutazame walivyofikiri. Mwashi hahitaji kompyuta ili kulipata umbo la tufe. Husimamisha kijiti katikati ya shimo, na kila tofali hulipima kwa urefu wa kijiti hicho, nalo kuba hujitokeza lenyewe. Penye mkutano wa kuba na msingi waliweka ukanda maalumu, ili ufa ukitokea chini usipande juu na kuitoa gesi. Maada ni tofali, saruji na chokaa, vitu vipatikanavyo katika kila wilaya. Mtengenezaji ni mwashi, naye yupo katika kila kata. Mradi wa taifa wa gesi ya samadi ulipoanza mwaka 2009, chini ya uongozi wa CAMARTEC, haukuhitaji kutafuta mchoro ng'ambo. Ulichukua ule ule wa Arusha, ukaurekebisha, na kuwafundisha waashi.

Huo ndio uchunguzi wa kutengenezeka ambao programu za leo zajaribu kuufanya. Waliuliza nani atakijenga, kwa zana gani, kwa maada ipi, na kitakapopasuka nani atakiziba. Wakayaacha majibu yaubadili mchoro. Hawakuung'ang'ania mchoro na kungoja nchi ibadilike.

Lakini tusijidanganye. Si michoro yetu yote iliyopata bahati hiyo. Kila mwaka katika maonyesho ya Nane Nane, pale Themi na kwingineko, twaona mashine zilizopakwa rangi za kupendeza. Mkulima huzizunguka, huuliza bei, huuliza zapatikana wapi. Mara nyingi jibu ni kwamba hiyo iliyopo ni ya mfano. Na mwaka unaofuata mfano hurudi, umepakwa rangi mpya. Mashine ya mfano si kosa, maana kila kitu huanza na kimoja. Kosa ni kudhani kwamba kilichotengenezwa mara moja na wahandisi katika karakana kubwa chaweza kutengenezwa mara mia na mafundi katika karakana ndogo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na karakana usiyofanya kazi ndani yake hujui upungufu wake.

Hapa yafaa tumjibu mfanyakazi ambaye amekuwa akisoma huku moyo wake una wasiwasi. Atasema: "Hawa wanatufundisha kupunguza vipande. Kipande kikipungua, mkono nao utapungua." Hofu hiyo ina haki yake, wala hatutaificha. Katika nchi za viwanda ufundi huu umetumiwa mara nyingi kupunguza muda wa kazi, na muda wa kazi ni ajira ya watu. Mwaka 1985 kampuni ya IBM ilitoa mashine ya kuchapia karatasi iitwayo Proprinter, ambayo ilibuniwa tangu mwanzo ili ifungwe na roboti, bila skrubu. Ajabu ni kwamba ilipokuwa tayari, ilionekana imekuwa rahisi kiasi kwamba mfanyakazi aliweza kuifunga kwa mikono yake kwa dakika chache tu. Mchoro uliokusudiwa kumwondoa mtu ulithibitisha kwamba kitu kilichofikiriwa vizuri hakimhitaji roboti.

Kwetu hali ni nyingine kabisa. Karakana ya Babati haina wafanyakazi mia wanaofunga mashine za kupura, ambao kazi yao itapunguzwa. Mashine zenyewe haziundwi hapo kwa wingi. Kila saa ya kazi isiyo na maana tunayoiondoa katika mchoro huishusha bei, na bei ikishuka hadi mfuko wa mkulima unapofikia, ndipo kazi huanza, haiishi. Kijana anayefunga mashine moja kwa mwezi kwa sababu mchoro ni mgumu hana ajira. Ana bahati nasibu. Hata hivyo, twasema wazi kwamba faida ya wepesi huo lazima imfikie aliyeshika zana. Bwana wa karakana atakayeuza mashine kumi badala ya moja, na kumlipa fundi wake ujira wa ile moja, atakuwa ameutumia ufundi huu kwa dhuluma, na haitakuwa kazi ya Chama kumpigia makofi.

Liko na jambo la pili ambalo programu za ng'ambo hazilipi uzito linaostahili, nalo kwetu ndilo la kwanza. Ni matengenezo. Huko, kitu kikiharibika hutupwa na kununuliwa kingine. Mkulima wa Babati hawezi kufanya hivyo. Mashine ikikatika meno wakati wa mavuno, naye akaambiwa angoje kipuri kutoka Dar es Salaam au kutoka China, mvua haimngojei, wala panya hawamngojei. Lakini mashine iliyobuniwa ili itengenezwe katika karakana ya mji huu, kwa bati la mji huu na bolti za mji huu, karakana hiyo hiyo yaweza kuirudisha kazini kesho yake. Kinachoweza kuundwa hapa chaweza kuponywa hapa. Hii ndiyo sababu twasema kwamba kupima kama mchoro watengenezeka ni jambo la usalama wa chakula.

Wakulima wa mbaazi watatuelewa. Mwaka 2017 India, mnunuzi mkubwa wa zao hilo, iliweka kikomo cha mbaazi itakazoziingiza nchini mwake, na bei ikaanguka vibaya. Wengi wa Babati walibaki na magunia yasiyo na mwenyewe. Ikasemwa kwa haki kwamba yafaa tuzikoboe na kuzipasua mbaazi wenyewe, tuziuze zikiwa tayari kupikwa, badala ya kungoja hisani ya mnunuzi mmoja. Lakini kukoboa kwataka mashine. Kama mashine hiyo itategemea mchoro wa mbali na vipuri vya mbali, tutakuwa tumebadilisha bwana tu: jana alikuwa mnunuzi wa mbaazi, kesho atakuwa muuza vipuri.

Basi nini kifanyike? Twapendekeza mambo manne, na hakuna hata moja linalopita uwezo wetu.

La kwanza, karakana za Babati ziandikwe. Halmashauri, ikishirikiana na SIDO, iwe na daftari linaloonyesha ni karakana zipi zilizopo, kila moja ina zana gani, yaweza kukunja bati la unene gani, nani ana mashine ya kukerezea, na kwa urefu upi. Daftari hilo ndilo somo ambalo programu za ng'ambo hazinalo. Mbunifu wa Arusha au wa Dar es Salaam akilipata, ataujua mpaka wake kabla hajachora mstari wa kwanza, na programu yake ikifundishwa habari hizo itatoa hukumu ya kweli.

La pili, vijana wa vyuo vya ufundi, vikiwemo vyuo vya VETA, wafundishwe kuchora kwa kompyuta sambamba na kuchomelea, wala si mmoja ajifunze hili na mwingine lile. Programu za kuchorea zisizo na malipo zipo. FreeCAD, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2002, hupatikana bure, na kwa nyongeza yake ya kazi za bati humwezesha kijana kulikunjua umbo alilolichora na kuona bati bapa litakavyokatwa. Haitamjibu kila swali. Lakini kijana aliyelikunja bati asubuhi kwa mikono yake, akalichora mchana, anajibu maswali mengi mwenyewe.

La tatu, mashine ya mfano isihesabiwe kuwa imekamilika mpaka fundi wa karakana ya kawaida, ambaye hakushiriki kuibuni, awe ameiunda ya pili kwa kuufuata mchoro peke yake. Aulizwe palipomkwaza, na mchoro urekebishwe. Mtihani huu ni mkali kuliko wa kompyuta yoyote, na gharama yake ni ujira wa fundi kwa siku chache.

La nne linahusu fedha za umma. Halmashauri zetu hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na vikundi vingi huomba mikopo hiyo ili kununua mashine. Kabla mkopo haujatoka, liulizwe swali moja zaidi: mashine hii ikiharibika, nani katika wilaya hii ataitengeneza, na kwa vipuri gani? Kikundi chenye deni na mashine iliyokufa hakikusaidiwa, bali kimefungwa mzigo.

Kwa wanachama wa mashina na matawi twasema hivi. Mwendeeni fundi wa mtaa wenu. Muulizeni ni kipande gani katika mashine alizozitengeneza mwaka huu kilichomsumbua kuliko vyote, na kwa nini. Yaandikeni majibu na kuyaleta katika vikao. Habari za namna hiyo wahandisi wetu hawazipati vitabuni, wala kompyuta haizipati po pote isipopewa na mtu.

Julai 2025 Taifa limezindua Dira ya mwaka 2050, ambayo yatutaka tuwe na uchumi wa viwanda wenye nguvu. Maneno hayo ni makubwa na tunayaunga mkono. Lakini viwanda havishuki kutoka mbinguni vikiwa na mabomba ya moshi. Kwetu vitaanzia katika kibanda cha mabati kando ya barabara kuu ya Babati, ambapo mtu mwenye miwani myeusi na grenda mkononi anaukunjua mchoro juu ya meza ya chuma, anautazama kwa muda, kisha anasema: "Hii naiweza." Mchoro wowote usioweza kulipata neno hilo kutoka kwake, urudishwe kwa aliyeuchora.